Ruhusa ya Siku Moja

Guangzhou,
11 Mei 1999

Kaka Sostenes,

Salamu zangu zipokee na vumbi lake la pamba, hapa hakuna zilizo safi. Mimi mzima, ni miguu tu iliyovimba. Maghorofa ya nguo ya Zhanqian hayana huruma, unapanda ngazi mpaka unasahau ulikuja kununua nini. Kasmir, yule mtoto wa shemeji yangu, anakusalimu. Ndiye anayenibebea marobota.

Lakini sikuandikii habari za nguo. Nimetoka Kibosho wiki tatu zilizopita. Mama bado analala chini.

Siku tulipopata barua yako mwaka jana kwamba Aloyce amefia jangwani na umemzika huko huko, alitandika mkeka sebuleni, na hajapanda kitandani mpaka leo. Miezi kumi na tano, Kaka, kwa baridi ile na kifua chake kile. Wanawake wa jumuiya wamembembeleza. Padri amekuja mara mbili. Anawajibu kwamba matanga ya mtu ambaye hayupo kihambani, kwenye shamba la ukoo, hayaishi, na kwamba yeye hana haki ya godoro wakati kitinda mimba wake amelala kwenye mchanga wa watu. Nilimsikia akikohoa nikiwa chumba cha pili, nikajifunika mto masikioni. Naona aibu kukuambia hilo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Wazee wa ukoo wamekaa. Wamesema kama mwili hauwezekani, udongo wa kaburini utatosha. Uchotwe na mkono wa mtu wa tumbo moja naye, marehemu aitwe kwa jina lake aambiwe twende nyumbani, kisha udongo uzikwe kwenye migomba, ubavuni kwa Baba. Hapo matanga yataisha na Mama atalala kitandani kama watu.

Mtu wa tumbo moja ni wewe au mimi. Wewe unakaa saa chache tu kutoka pale na mwaka mzima unaandika "nitakwenda". Basi nakuja mimi. Mzigo wangu wa Krismasi utaondoka mwanzoni mwa Septemba. Nitapita Hong Kong na Johannesburg, nitakuwa Windhoek Ijumaa jioni tarehe 17, na Jumapili asubuhi lazima niondoke, la sivyo tiketi imekufa. Tuna Jumamosi moja. Nieleze tutatoka saa ngapi, kwa gari gani, ruhusa ya kuingia hifadhi alimozikwa inaombwa wapi, na kutoka barabarani mpaka kaburini ni mwendo gani kwa miguu.

Mdogo wako,
Felisia


Windhoek,
2 Juni 1999

Mdogo wangu mpendwa Felisia,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua yako imenifikia nikiwa zamu ya wodi ya watoto, nikaisoma wakati wa chai, na nimesikitika sana kwa hali ya Mama. Mwambie namwombea kila siku.

Kuhusu safari, nakushauri kama kaka yako uifikirie upya. Jangwa la Namib si mahali pa kwenda na kurudi kama sokoni. Ingetupasa kutoka hapa saa kumi alfajiri, tuupande mlima wa Gamsberg kwa barabara ya changarawe yenye kona ambazo hata madereva wa hapa wanazishuka wakisali. Gari liwe la juu, lenye tairi mbili za akiba. Maji yasipungue lita kumi kwa kila mtu. Ruhusa ni ya siku moja, inaandikwa majina na namba ya gari, jua likichomoza unaingia, likizama usionekane ndani. Kubwa kuliko yote, sheria ya hifadhi hairuhusu kutoa kitu chochote, hata jiwe, hata ua kavu, hata mchanga. Sasa udongo wa wazee utautoaje? Mimi ni mtumishi wa serikali ya watu na siwezi kuvunja sheria yao.

Aloyce nilimzika vizuri, kama nilivyowaeleza. Yuko chini ya mgunga, karibu na ukingo wa Kuiseb, ule mto mkavu. Tuliweka msalaba wa mbao na Katekista Mikaeli akasoma sala zote. Ametulia pale. Wewe njoo upumzike kwangu hiyo Jumamosi, tutaomba misa, nami nikipata nafasi nitapiga picha ya kaburi nimtumie Mama. Naamini picha itamfariji zaidi kuliko udongo.

Wako katika Kristu,
Sostenes


Guangzhou,
24 Juni 1999

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, Kasmir akisikiliza huku anafunga robota. Akaniuliza, "Mama mdogo, huyu anataka uende au hataki?"

Huku nikitaka kitu ambacho muuzaji hataki kuniuzia, haniambii kwamba hataki. Ananiambia mei yo, yaani hakuna. Nikionyesha kwa kidole kile kilichotundikwa ukutani, anasema kina doa. Nikisema nipe na doa lake, anasema tajiri wake hayupo. Kwako nimesikia mlima, nimesikia tairi, nimesikia sheria. Tajiri ndiye bado.

Haya, tupange kama watu wazima. Saa kumi alfajiri ni sawa, mimi sokoni naamka saa hiyo hiyo. Gari, kaiombe ile kambi ya watalii iliyomwajiri Aloyce. Mtu amefia kazini kwao, watashindwaje kutuazima gari siku moja? Maji tutabeba. Chakula usihangaike, nitakuja na biskuti. Kamfuko ka udongo nimeshashona mwenyewe, kitambaa cheupe, mshono mara mbili.

Na ya ruhusa nimeyashughulikia. Hapa hotelini yupo Dismas, mfanyabiashara wa Arusha, Kiingereza chake kimenyooka. Ameniandikia barua kwa ofisi ya hifadhi kwamba sisi si watalii, tunaomba siku moja kwa watu wawili, na kiganja kimoja tu cha udongo kutoka kaburi la ndugu yetu. Tumeituma jana kwa faksi. Watu wa ofisi nao wana mama zao.

Swali langu moja hukulijibu. Kutoka barabarani mpaka kwenye huo mgunga ni hatua ngapi?

Felisia


Windhoek,
15 Julai 1999

Mdogo wangu Felisia,

Tumsifu Yesu Kristu. Imeniuma kwamba umeandika ofisini bila kunishauri. Hukumbuki kwamba mimi hapa ni mgeni, naishi kwa kibali cha kazi, na jina letu likianza kuzungushwa maofisini maswali hayatamwangukia Dismas wako, yataniangukia mimi? Tafadhali waandikie tena, waambie umeghairi.

Tena kuna jambo sikutaka kukusumbua nalo. Huu mto wa Kuiseb ni mkavu, lakini kuna miaka mvua ikinyesha milimani unashuka na maji mengi. Nimesikia baada ya masika yao ulishuka. Nina hofu kwamba msalaba umesombwa, pengine na mgunga wenyewe. Unaweza kusafiri nusu ya dunia ukakuta mchanga mtupu, na Mama ukampelekea huzuni badala ya udongo.

Zaidi ya hayo, Jumamosi ya tarehe 18 nimepangiwa zamu. Nimeomba kubadilisha, bado sijajibiwa.

Hatua siwezi kuzikumbuka. Siku ile sikuwa mtu wa kuhesabu hatua.

Wako katika Kristu,
Sostenes


Guangzhou,
20 Agosti 1999

Sostenes,

Ofisi ya hifadhi wamejibu. Karatasi mbili. Dismas alikuwa ananitafsiria mstari kwa mstari kwenye duka la faksi, na alipofika katikati akaniomba tutoke nje kwanza. Nikamwambia soma hapa hapa.

Wanasema katika kumbukumbu zao hakuna kaburi la mtu wa jina hilo. Kilichopo ni dereva wa kambi aliyepotea tarehe 6 Februari 1998 baada ya gari lake kuharibika. Gari lilionekana, yeye hakuonekana. Wakamtafuta kwa miguu na kwa ndege ndogo. Siku ya nne ndugu wa marehemu akatia saini kwamba ameridhika utafutaji ufungwe. Nakala ya saini wameiambatanisha. Ile S yako yenye mkia naijua tangu ulipokuwa unanisainia ripoti za shule ili Baba asizione.

Hukumzika. Hakuna mgunga, hakuna msalaba. Katekista Mikaeli hakusoma kitu. Miezi kumi na minane mama yako analala sakafuni akililia kaburi ulilolichimba kwa kalamu! Mimi nilishona mfuko. Nilikaa nikachagua kitambaa, nikamwambia muuzaji nataka kilicho laini kwa sababu ni cha mdogo wangu. Wewe ulikuwa unaniandikia habari za tairi za akiba.

Njia ya mwongo ni fupi, Sostenes, na yako imeishia dukani kwa mtu wa faksi, mbele ya Wachina watatu walioshika namba zao za foleni.

Mwisho wa barua yao wanatupa pole, na wanasema ruhusa ya siku moja kwa watu wawili iko tayari, tukaichukue hapo Windhoek. Niambie ukweli, wote, upesi.

Felisia


Windhoek,
3 Septemba 1999
(kwa faksi)

Felisia,

Ukweli ni huu. Kambi walinipigia simu siku ya tatu tangu apotee. Alikuwa amepeleka vyakula kambi ya ndani na alikuwa anarudi peke yake. Walinipeleka mpaka kwenye gari. Boneti lilikuwa wazi, mlango umefungwa vizuri, dumu la maji halipo. Mkuu wa watafutaji akaniuliza, wewe ndiye unayemfahamu, ndugu yako angeelekea wapi? Nikamwambia atafuata alama za magurudumu kurudi alikotoka, ndivyo afanyavyo mtu mwenye akili. Wakafuata alama. Siku nne tulitembea kwenye ile tambarare na sikuona hata kisigino chake.

Mimi ni muuguzi. Najua mwili unakaa muda gani bila maji. Siku ya nne wakaniuliza kama nimeridhika. Nilikuwa nimechoka, zamu zilikuwa zinanisubiri, na nilijua kwamba tunatafuta maiti. Nikasaini. Njiani nikafikiri nitamwandikiaje Mama neno "hatujamwona". Mama angekaa mlangoni maisha yake yote akitazama barabara. Nikampa kaburi. Nilidhani nampa zawadi.

Hayo ni yangu. Sasa na wewe uchukue yako. Mwaka 1997 Aloyce alikuandikia akakuomba umpeleke Guangzhou akubebee mizigo. Barua alinionyesha nilipokuwa likizo Kibosho, kabla hajaituma. Ukamjibu kwamba nafasi hakuna, aende kwa kaka yake Namibia. Nafasi ilikuwepo, Felisia. Kasmir analala ndani yake. Ulimkataa wa tumbo moja ukamchukua wa ukwe, na leo unanihubiria habari za tumbo moja.

Sostenes


Guangzhou,
9 Septemba 1999
(kwa faksi)

Sostenes,

Ni kweli. Aloyce alikuwa anacheka na kila mtu. Angefika dukani angeshika shati, angelisifu mbele ya mwenye nalo, na bei ingepanda papo hapo. Nilitaka mtu wa kunyamaza, nikamchukua Kasmir. Nilimwambia Aloyce hakuna nafasi, na nilijua kwamba ninamdanganya. Hilo nimelibeba mwaka na nusu bila kumwambia mtu. Sasa tumeshalisema, tuliache.

Lakini hili la magurudumu limenikosesha usingizi. Alama za magurudumu! Sostenes, wewe umezaliwa wapi? Mtoto wa Kibosho akishikwa na kiu anateremka. Hafuati barabara, hapandi, hakai. Tangu ana miaka minne anajua kwamba ukiteremka, kabla hujachoka, utakuta mfereji au mto. Sisi sote watatu tulitumwa maji hivyo, tena usiku bila taa, miguu inajua yenyewe. Watu wa jangwa hawawezi kuwaza hivyo, kwao chini hakuna kitu. Ndiyo maana wakakuuliza wewe. Wakakuuliza wewe, na wewe ukawajibu kama Mzungu mwenye ramani.

Kutoka pale gari lilipokuwa, chini ni wapi? Ni huo mto mkavu, sivyo? Alichukua dumu akaenda kuteka maji.

Mimi siji tena. Sitaweza kukaa nawe gari moja saa zote hizo na kesho yake niwe na heshima ya kukuita kaka. Ruhusa iko, ni ya watu wawili, mchukue huyo Katekista Mikaeli asome sala zake kweli safari hii. Jumamosi ni ile ile. Simama pale gari lilipokuwa, kisha uteremke.

Felisia


Windhoek,
21 Septemba 1999

Felisia,

Tulikwenda. Kutoka mahali pa gari ardhi inainama kidogo sana, hutambui mpaka uitafute kwa miguu. Niliiacha miguu ichague kama ulivyosema. Baada ya kilomita tisa hivi ardhi inakatika na korongo la Kuiseb linafunguka chini yako, refu, jeusi, kuta za mawe. Hatukuwa tumefika huko. Ndege haikuzungukia huko, kwa sababu mimi niliwaambia barabarani.

Tulishuka kwa kukaa na kujivuta. Chini kabisa, chini ya mwamba uliojitokeza kama baraza, palikuwa na maji. Dimbwi la kijani, kubwa kuliko meza ya kulia chakula. Aloyce alikuwa hapo, Felisia. Mifupa, ukanda wake, kiatu kimoja, dumu lililopasuka. Katekista alipiga magoti. Mimi sikuweza, nilikuwa natazama mambo mengine.

Dimbwi liko hatua kumi na tano kutoka alipolala. Safari hii nilihesabu. Kutoka kwenye dimbwi mpaka kichwani kwake ulikuwapo mfereji. Mchanga umechimbwa, kingo zimepangwa kokoto moja moja, na mwishoni kishimo kilichozungushiwa mawe, pa kuchotea kwa kiganja. Penye mteremko mkali aliweka jiwe bapa, maji yasichimbe, kama Baba alivyotufundisha. Majivu yalikuwa rundo zima, ile habari ya mto kushuka nayo nilikudanganya. Alikuwa akichoma vijiti vinavyoletwa na mto.

Tuliwapa polisi taarifa, nao wakaja na daktari Jumatatu. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Alivunjika wakati anashuka, hakuweza kupanda tena. Nilimuuliza daktari kazi ile na majivu yale ni ya siku ngapi. Alikataa kusema. Nikamwambia mimi ni wa kazi hiyo hiyo. Akasema wiki mbili, pengine na zaidi. Kilichomuua ni njaa.

Nilisaini siku ya nne tangu tuanze kumtafuta. Alikuwa hai. Alikuwa anapanga kokoto.

Polisi watatoa mifupa mwezi ujao na vibali vya kuisafirisha. Niambie nifanye nini.

Sostenes


Guangzhou,
30 Novemba 1999

Kaka,

Sanduku lilifika uwanja wa Kilimanjaro tarehe 4 mwezi huu, na vibali vyako vyote vilikuwa sawa. Nililipokea mwenyewe. Lilikuwa jepesi, nikakataa kusaidiwa. Tumemzika tarehe 6 ubavuni kwa Baba, mvua ya vuli ikinyesha, wazee wakamwita kwa jina lake. Pombe ya mbege ilitosha. Nguo zake wakagawana wajomba.

Jioni watu walipopungua Mama aliniita ndani. Alikuwa bado kwenye mkeka. Hakuuliza kwa nini uliandika habari za kaburi, nadhani ameamua kutoliuliza hilo. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Mwanangu alikaa muda gani kule?"

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kila kitu. Tangu Agosti nilikuwa nimejiapia kwamba mimi si kama wewe. Nikamtazama, ule mkono wake ameshika ukingo wa kitanda, anasubiri. Nikasema, "Aliumia kichwa akianguka, Mama. Hata jua la pili hakuliona."

Akasema asante Mungu. Akaniomba nimshike kiwiko, akapanda kitandani, akalala akitazama ukutani. Asubuhi alikunywa uji bakuli mbili.

Watu waliniuliza kwa nini kaka mkubwa hakuja kuzika. Nikasema umenyimwa ruhusa kazini. Lilinitoka laini kabisa. Nilikutukana sana mwaka huu na kumbe kazi yenyewe si ngumu.

Hapa biashara imechangamka, kila mtu anataka nguo za sikukuu. Kasmir nimemrudisha kwao. Hajanikosea neno, nilishindwa tu kumtazama akila. Marobota sasa nabeba mwenyewe.

Nimepata barua yako unasema utachukua likizo uende kumwona Mama Krismasi. Usiende. Hii wala ya mwakani. Atakuuliza hilo hilo aliloniuliza mimi, na wewe utalia, nakujua, na ukilia atajua. Mwandikie, mtumie picha za wanao, mwambie kazi ni nyingi. Siku ya kuja Kibosho nitakupigia simu mimi, na itakuwa ya kuja kumzika.

Felisia